Vidole Vinne Kwenye Bawa

Mwanangu Sauda,

Umekwenda Kirongwe kumuaga bibi yako, nami nimebaki na nyumba na sanduku lako lililo wazi juu ya kitanda. Naandika sasa, baada ya adhuhuri, kwa sababu jioni mistari inanipotea. Nimeweka rula chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado herufi zinateremka zenyewe. Utavumilia.

Mambo ya sweta, soksi na kutokuzubaa kwenye viwanja vya ndege, shangazi yako Tatu ameshakwambia, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu atakwambia tena kesho asubuhi. Siongezi neno hapo.

Leo nilikuwa natafuta betri za redio kwenye droo ya kabati, nikakuta pasi yako ya kusafiria imerudishwa mle, chini kabisa, chini ya vitambaa vya meza. Sikuiona, niliipapasa. Mtu anayepanda ndege kesho hafichi pasi yake chini ya vitambaa vya meza. Kwa hiyo najua umeamua nini, na nadhani ulikusudia kuniambia kesho muda ukiwa umeshapita, ili nisipate nafasi ya kubishana. Ujanja huo ni wa mama yako, Mungu amrehemu. Hata yeye haukumsaidia sana kwangu.

Sababu uliitoa mwenyewe wiki iliyopita tukiwa tunakula. Ulisema, "Baba, mwaka mmoja tu. Wewe uliacha kazi yako Ulaya ukarudi kwa ajili yangu. Mimi nitakuachaje na macho hayo?" Nikakwambia samaki anapoa. Ulishawaandikia watu wa maabara huko Ulaya wakuwekee nafasi yako ya masomo mpaka mwakani, na wao wameshakujibu kwamba nafasi haingoji, ukifika ni yako, usipofika ni ya mwingine. Hilo pia nalijua, maana ulimsomea shangazi yako jikoni, na kuta za nyumba hii unazijua.

Sasa nisikilize. Sikurudi kwa ajili yako.

Najua umekua ukiambiwa hivyo. Bibi yako amelisema kwenye arusi na kwenye misiba, majirani wamelisema, na mimi nimekuwa nikilisikia na kunywa chai yangu. Ni maneno mazuri. Yanamfanya baba aonekane mtu mwema, na yanamfanya mtoto ajione ana thamani. Ubaya wake ni kwamba sasa yanataka kukuzuia kupanda ndege, na hapo ndipo yalipokwisha faida.

Nusu ya kwanza ya habari unaijua, lakini nitaipitia upesi ili ya pili ikae mahali pake. Hifadhi ya bahari ilipoanza hapa kwetu, mimi nilikuwa kijana asiye na kazi maalumu. Walileta maboya ya kuonyesha mipaka, na maboya yalihitaji rangi, nikapewa msasa, brashi na kopo. Wapo waliosema nimejiunga na watu waliokuja kuwafungia bahari. Mimi nilikuwa napaka maboya. Baadaye zikaja boti za doria za faiba, na fundi aliyeziangalia, mtu wa Jibondo, akanichukua nimsaidie.

Fundi yule hakuamini macho, si yangu wala yake. Ukimaliza kupiga msasa alikuja, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya ubavu wa boti kutoka nyuma kwenda mbele, taratibu, mpaka vidole vikazunguka ukingo. Kisha akasimama mahali fulani akasema, "Rudia hapa." Ukitazama, huoni kitu. Ukipapasa, ipo punje. Nilifanya naye kazi mpaka kiganja changu kikawa kama chake, na sikuweza tena kuamini kitu laini bila kukigusa. Umeniona nikipapasa meza za watu kwenye karamu, na umeona haya mara nyingi kwa sababu hiyo.

Kutoka hapo nikaenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, na kutoka chuo nikapata nafasi ya mafunzo kazini, ya miezi sita, huko unakokwenda wewe, kwenye maabara ile ile. Kazi yangu ilikuwa rangi. Bibi yako aliposikia kuna baridi inayopasua ngozi, alinifungashia chupa mbili za mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. Nilijipaka kila asubuhi kabla ya kutoka. Nilinukia nyumbani, na mikono haikupasuka.

Rangi ile utaijua vizuri kuliko mimi, lakini nataka nikwambie nilivyoielewa mimi. Ulipokuwa mdogo, mama yako akifukiza udi, ulikuwa unakaa mbele ya chetezo na kuuliza kwa nini moshi unapanda umenyooka kama uzi, halafu juu kidogo unavurugika. Nilikwambia uzi ni hewa iliyotulia, inayopita tabaka juu ya tabaka bila kugombana, na juu pale imechoka na utulivu. Juu ya bawa la ndege ni hivyo hivyo. Hewa huanza ukingo wa mbele ikiwa imetulia, kisha mahali fulani inavurugika, na wahandisi wanataka kujua ni wapi hasa, kwa sababu iliyotulia inateleza na iliyovurugika inakwaruza, na ndege inakula mafuta zaidi.

Shida ni kwamba hewa haionekani. Ndipo inapokuja rangi. Unalipulizia bawa la mfano rangi ambayo ukiimulika kwa taa ya buluu inang'aa, na mng'ao wake unafifia ikipata joto na unazidi ikipoa. Bawa linapashwa joto kidogo kwa ndani, linafungwa ndani ya handaki la upepo, chumba kama bomba chenye feni kubwa, upepo unawashwa. Hewa iliyovurugika inapora joto upesi kuliko iliyotulia, kwa hiyo nyuma ya bawa panapoa na kung'aa, mbele panabaki pamefifia, na mpaka kati ya pande hizo mbili unauona kwenye picha ya kamera, una meno meno kama msumeno. Mara ya kwanza nilipouona sikulala vizuri. Nilikuwa nimepaka rangi maisha yangu yote ili vitu visioze, na sasa nilikuwa nimepaka rangi iliyoonyesha upepo.

Bawa lililonyooka lina uvumilivu kidogo. Bawa lililolazwa nyuma, kama la zile ndege kubwa zitakazokuchukua kutoka Dar, halina. Juu yake hewa inataka kwenda nyuma na wakati huo huo inavutwa pembeni kuelekea ncha, na katika mvutano huo inajisokota. Punje moja tu ukingoni inatosha kuharibu utulivu wote ulio nyuma yake. Kwa sababu hiyo kila mtu alivaa glavu, na mimi nilivaa glavu, isipokuwa mahali pamoja.

Bosi wetu alikuwa mama mmoja mrefu, Ingrid, asiyepandisha sauti. Mwanafunzi wake aliitwa Pavel. Pavel alikuwa amesubiri zamu yake ya handaki karibu mwaka mzima, na shahada yake ilitegemea bawa lile moja. Nililipiga rangi mimi, nikalisugua kwa msasa wa maji mpaka likawa kama ganda la yai. Asubuhi ya zamu, kabla hawajalifunga, nilibaki nalo peke yangu. Nikavua glavu. Hilo halikuwa kosa kwa akili yangu ya siku ile, lilikuwa ndilo kumaliza kazi. Fundi wangu asingekubali boti ishuke majini bila kupapaswa. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja kutoka nyuma kwenda mbele, taratibu, mpaka vidole vikazunguka ukingo. Lilikuwa laini. Nikafurahi, nikavaa glavu.

Kiganja kina mafuta ya bibi yako, na ndani ya chumba kile vumbi bado linaelea, likitafuta pa kunata. Wewe umesomea, umeshajua kitakachofuata.

Upepo ulipowashwa na picha ya kwanza ikaja, mpaka wa msumeno ulikuwapo ncha na shina, safi, ila katikati ya bawa zilikuwapo kabari nne za mng'ao. Kila moja ilianza na ncha kali ukingoni na kupanuka kwenda nyuma, zikakaribiana kama ndugu. Pavel akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Ingrid akaisogelea kompyuta, akaikuza picha, akawa anazihesabu kimya. Akasema labda ni umbo la ukingo, labda bawa limechongwa vibaya, na kama ni hivyo, basi zamu imekwisha na mwaka wa Pavel umekwisha.

Mimi nilikuwa natazama kabari ya pili. Ilianza nyuma kidogo ya wenzake, na ilipaswa kuwa ya mbele kuliko zote. Kidole changu cha kati cha mkono wa kulia unakijua, pingili ya mwisho niliikata na panga la makuti nikiwa mtoto. Nikasogea, nikainua mkono, nikauweka mbele ya kioo cha kompyuta. Ukakaa pale pale.

"Ni mkono wangu," nikasema.

Kisha Pavel akacheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa roho yake, akacheka mpaka akashika meza. Ingrid akaniambia nichukue spiriti na kitambaa. Nikalifuta bawa, wakawasha upepo tena, kabari zikatoweka, Pavel akapata picha zake. Huo ndio mwisho wa tukio lenyewe. Si mkasa. Watu hufa baharini, watu huunguza nyumba. Mimi niliacha mafuta ya nazi kwenye bawa, nikasema, nikayafuta.

Kosa ninalotaka kukuandikia lilianza siku iliyofuata. Pavel aliichapa ile picha ya kwanza kubwa, akaitundika ukutani kwenye ujia, na chini yake akaandika jina langu. Mafundi wa pale wakaanza kuniamkia kwa kunyoosha vidole vinne, kimoja wamekikunja. Nilitabasamu. Nyumbani kwangu jioni sikuwa natabasamu. Niliona haya, Sauda, haya ya kuchoma. Mtu mweusi pekee katika jengo lile, na alama yake ukutani ni uchafu wa mkono wake. Nilianza kupita mlango wa nyuma ili nisipite ujia ule. Mafuta ya bibi yako niliyamwaga kwenye sinki, na mikono ikapasuka mpaka ikatoa damu, nikaona inanistahili.

Sikumwuliza mtu hata mmoja wanacheka nini. Fahamu hilo kuliko yote mengine. Nilikuwa na kinywa, na lugha yao nilikuwa nimeipata ya kutosha kuulizia bei ya viatu. Nilikaa na jibu nililojitungia mwenyewe, nikalilea likanenepa.

Muda wangu ulipokaribia kwisha Ingrid aliniita ofisini. Alitaka niongezewe mkataba. Akasema, nakumbuka maneno yake kama alivyoyasema, "Tunataka tuufanye tena ule mkono wako, safari hii kwa makusudi." Nikaona sasa wanataka nirudie kichekesho mbele ya wageni. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mke wangu ni mjamzito wa miezi saba na lazima nirudi. Akanitazama kidogo, akasema anaelewa, mtoto ni mtoto. Akanipa mkono. Nikaondoka.

Kwa hiyo nilikutaja wewe. Ulikuwa hujazaliwa na nikakutumia. Mimba ilikuwa kweli, na nilifurahi kuja kukupokea, hilo usiliondoe. Lakini kama ile picha isingetundikwa, ningemwandikia mama yako avumilie mwaka mmoja zaidi, na angevumilia, na ningekuona ukiwa unatembea. Huo ndio ukweli, nao hauna mapambo.

Mama yako alijua. Sikumwambia, alijua tu. Siku moja bibi yako alikuwa amekupakata hapo barazani akiwasimulia wageni jinsi mwanawe alivyoiacha Ulaya kwa ajili ya mtoto, mama yako akaniita ndani. Akasema, "Mume wangu, usimtwike mtoto mzigo ambao hakuufunga yeye." Nikajifanya sijaelewa. Hakurudia. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, na aliyetaka kusikia alisikia.

Nikarudi kwenye boti. Sikatai maisha niliyoishi. Nimepaka nusu ya boti za faiba zinazoelea kati ya Kilindoni na Utende, nimefundisha vijana wakawa mafundi, nimekusomesha. Sina kinyongo na kisiwa hiki na sitaki unionee huruma. Nasema tu kwamba nilikimbia, na niliukimbia ukuta.

Sasa nije kwenye siku ile walipokutumia yale mafundisho ya kwanza kwenye simu. Ulikuja mbio barazani, ukaniletea simu karibu na pua kama unavyofanya siku hizi. "Tazama Baba, mtu mzima kaliacha bawa na alama za vidole." Ukacheka. Nami nikacheka, nikakuomba chai. Ulipokwenda kuchemsha maji nilibaki na simu mkononi. Macho haya yananipa ukungu, lakini kabari nne niliziona. Ya pili imeanza nyuma.

Ulipoleta chai ukanisomea maandishi yaliyo chini, huku unatafsiri na kupuliza kikombe. Kwamba picha hii ni ya zamani, kwamba fundi mmoja aligusa ukingo, na kwamba kutokana na mkono huo walijiuliza swali ambalo hawakuwa wamejiuliza. Kama vidole vinne vinaweza kuamua hewa ivurugike wapi, je, wakiweka vitone vidogo wenyewe, mahali wanapotaka, wanaweza kuiamuru? Ukasoma, "Kazi yetu yote ya miaka hii ilianzia kwenye mkono huu." Chini yake jina la Pavel, ambaye sasa ndiye mwalimu wako.

Ukasema, "Bahati yake huyo fundi." Nikasema, "Ndiyo." Nikanywa chai. Ilikuwa moto sana na sikuisikia.

Kumbe walikuwa wanamaanisha walichosema. Kuufanya tena, kwa makusudi. Ingrid alikuwa ananipa kazi, kazi ya mkono wangu mwenyewe, na mimi nikasikia tusi. Na zile salamu za vidole vinne, sasa siwezi kujua zilikuwa nini. Huenda zilikuwa mzaha, huenda zilikuwa heshima, huenda asubuhi zilikuwa hivi na jioni vile, kama salamu za watu wote. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza nikiwa pale. Sasa sina.

Usiku ule ndipo uliponiambia utabaki kwa ajili ya macho yangu, kwa sababu mimi nilirudi kwa ajili yako. Ulikuwa umeshika simu ile ile.

Nilikukataza usinitaje kwenye maombi yako. Ukadhani ni unyenyekevu, ukamwambia shangazi yako kwamba baba hapendi kujikweza. Niliogopa tu wasije wakakumbuka. Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kuzungumza mezani. Bibi yako husema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka mtoto mwenyewe amekaribia kuzuiwa njiani.

Kuhusu macho. Ni mtoto wa jicho, daktari ameshasema, na dawa yake ni kupasuliwa, na watu wanapasuliwa kila siku wakarudi wakasoma magazeti. Nimekuwa nikiahirisha. Sababu niliyoitoa ni kwamba karakana ina kazi nyingi. Sababu ya kweli ni kwamba naogopa mtu mwenye kisu karibu na jicho langu. Unaona mchezo ni ule ule, mtu anachukua sababu nzuri akaifunika ile ya kweli. Asubuhi hii nimemwomba shangazi yako anipeleke Dar mwezi ujao. Amekubali kabla sijamaliza kusema, na ameshaanza kunipangia nguo. Kwa hiyo sababu yako ya kubaki nimeichukua, haipo tena. Nyingine usiitafute.

Sitakudanganya kwamba nyumba hii sitaiona kubwa mno bila wewe. Nitaiona. Nitakaa barazani na redio, na watu watapita waulize habari zako, na nitawajibu kwa kirefu kuliko walivyotaka. Nitakukumbuka sana, naandika hivyo wazi kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Lakini kukumbukwa si kuitwa. Nikikupigia simu sauti yangu ikiwa ya chini, usinunue tiketi. Niulize nina nini. Nitajitahidi kukujibu.

Na wewe huko, wakicheka, uliza. Hata ukionekana mshamba, uliza. Kuna siku utakayoharibu kitu, maana kazi ile haiendi bila kuharibu, na siku hiyo utataka kuja nyumbani, na utakuwa na sababu nzuri mkononi, nami huenda nikawa ndiyo sababu yenyewe. Siku hiyo nisitumike, tafadhali. Mimi nimeshakuwa upande wa pili, nilipokutumia wewe, na najua ladha yake.

Nimegundua bibi yako alishakutumia chupa ya mafuta ya nazi. Nimeipapasa kwenye pembe ya sanduku, imefungwa ndani ya khanga mbili na mfuko wa nailoni. Nilitaka kuitoa. Kisha nimeiacha. Jipake, ngozi itakupasuka bila hayo, ila nawa kabla ya kazi.

Pasi yako nimeitoa kwenye droo, iko ndani ya barua hii. Utakapoisoma utakuwa umeishika pasi mkononi, ndivyo nilivyotaka. Kesho tukiwa uwanjani sitaki tuzungumze haya mbele ya watu wanaobeba kuku. Utanipa shikamoo yako, nitakuitikia marahaba, utapanda. Nitasimama pale kwenye uzio mpaka ndege isisikike, kwa kuwa kuiona sitaiona.

Ukifika, pita ule ujia. Kama picha bado imetundikwa, na kama jina langu bado liko chini yake, mwambie Pavel wewe ni mtoto wa nani. Kwenye bawa vaa glavu, hata ukiwa peke yako, hata kiganja kikiwasha. Lakini ile picha ukutani, iguse kwa mkono mtupu.

Baba yako,
Hamisi